Jeki za tuktuk: Wateja walipia tani wasizozihitaji

Kando ya Naivasha Road jijini Nairobi, kutoka Satellite kuelekea Kawangware, jeki huuzwa kwa tani. Mteja huuliza ni ya tani ngapi, muuzaji humtajia, na bei hupanda kwa mpangilio huo. Kwa mwenye pikapu au matatu, hesabu hiyo ina mantiki. Mwenye tuktuk hulipia nguvu ambayo hatawahi kuitumia, na mara nyingine hurudi stejini na kifaa kisichoingia chini ya chombo chake.

Tuktuk ya abiria isiyo na mzigo haifiki kilo 500, na fundi wa pancha huinua gurudumu moja tu kwa wakati. Jeki ndogo kabisa dukani inaiweza kazi hiyo. Shida ni nafasi. Rimu za tuktuk ni za inchi 8, na tairi likiisha upepo chombo hulala chini zaidi upande huo. Jeki ya chupa ya tani 2 ikiwa imeshushwa kabisa husimama sentimita 15 hadi 18 hivi. Ya tani 10 hufika 20 au kupita. Kwa hiyo kadiri mteja anavyoongeza pesa, ndivyo jeki inavyozidi kuwa ndefu, na ndivyo inavyozidi kukataa kuingia.

Muuzaji mmoja wa vipuri hapa Satellite anasema lawama zote humwangukia yeye. Huchukua bidhaa kwa wauzaji wa jumla katikati ya jiji zikiwa ndani ya maboksi, na hapewi nafasi ya kuzijaribu. Boksi limeandikwa tani 2 lakini kimo cha chini hakijaandikwa, au kimeandikwa kwa herufi zisizosomeka. Jeki ikianza kuvuja mafuta baada ya wiki chache, dereva humrudia yeye. Naye muuzaji akiipeleka alikoinunua, huonyeshwa maandishi chini ya risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Anadai kwamba siku hizi huagiza chache tu, zile anazoweza kumudu kuzipoteza, na kwamba hakuna mkaguzi aliyewahi kumuuliza zilikotoka.

Ofisa mmoja anayefuatilia bidhaa ghushi ana jibu la tarakimu. Anarejelea makadirio ya serikali kwamba biashara haramu nchini ilifika Sh826 bilioni mwaka 2018, na anasema vipuri vya magari ni miongoni mwa bidhaa zinazolengwa katika misako. Tarakimu hiyo ni kubwa, tena ya zamani, na haisemi lolote kuhusu jeki. Mnunuzi wa Satellite haambiwi ni ngapi kati ya zilizo rafuni zimepimwa, wala nani alizipima.

Maelezo kuhusu bei nayo hayaridhishi. Mnamo Januari 2024 dola ilifika karibu Sh160. Kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi karibu Sh130, na viongozi wakasema bidhaa za nje zingekuwa nafuu. Wauzaji wa rejareja wanasema nafuu hiyo iliishia kwa waagizaji. Waagizaji, kwa upande wao, hulaumu ada za bandarini na ushuru wa VAT wa asilimia 16. Huenda kila upande una ukweli wake, ila dereva ndiye anayelipa.

Kwa wauzaji wa jeki, ushindani mkali zaidi hautoki duka la jirani. Kwenye vibanda vya pancha, vijana wawili hushika pembe ya tuktuk na kuinyanyua, wa tatu akasukuma jiwe chini. Fundi akitaka kufika chini kabisa, hukilaza chombo kizima ubavuni juu ya tairi kuukuu. Ni bure na ni haraka, lakini petroli na asidi ya betri huweza kumwagika. Tuktuk ya mizigo nayo hainyanyuliki hivyo: mitungi 20 ya maji ya lita 20 pekee ni kilo 400.

Mafundi wenye uzoefu huchagua jeki za mkasi zilizotolewa kwenye magari makuukuu ya Japani, zile ziitwazo ex-Japan, ambazo hupatikana kwa wingi Kirinyaga Road. Hushuka hadi sentimita 10 hivi, hazina mafuta ya kuvuja na hubebeka chini ya kiti. Ubaya wake ni kwamba huzungushwa polepole, na skrubu ikilika huwezi kuiamini. Jeki ya toroli ya kimo kifupi hushuka hadi chini ya sentimita 9, lakini ni ghali, nzito, na magurudumu yake huzama kwenye tope la barabara za ndani. Inafaa gereji yenye sakafu ya saruji.

Kwa jeki yoyote ile, tuktuk ina hatari yake. Magurudumu matatu ni kama mafiga: ukiondoa moja, kilichobaki hakisimami. Jeki ikiteleza, hakuna gurudumu la nne la kuzuia. Ndiyo maana mafundi huzuia gurudumu la mbele kwa jiwe, huweka ubao chini ya jeki, na huinulia kwenye mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma. Wakiinulia kwenye bati la sakafu, hukunjika.

Soko linaelekea wapi? Tuktuk za umeme zinazoanza kuonekana zina betri nzito, na huenda zikapunguza mtindo wa kunyanyua kwa mikono. Hilo lingewafaa wauzaji wa jeki, iwapo zitaenea na iwapo wataleta jeki fupi. Kwa sasa dalili ni chache.

Kwa anayenunua leo, ushauri ni mmoja. Toa upepo kwenye tairi la nyuma, pima nafasi iliyobaki chini ya mkono wa gurudumu, kisha nenda dukani na kipimo hicho. Uliza kimo cha chini kwanza. Tani zisubiri.