Vigae vya Chetezo cha Mama Vyarudi Motoni Mweiga

Chetezo cha marehemu mama yangu kilianguka sakafuni siku ya Idi kikavunjika vipande saba. Sikuwa na moyo wa kukitupa. Nilivifunga vigae kitambaani, na nilipokwenda kumzuru binti yangu anayesomesha Mweiga, huko Nyeri kando ya milima ya Nyandarua, nikavitia mkobani bila ya kujua nitavifanyia nini.

Jirani yake ni bibi mkongwe, mfinyanzi. Alivigonga kwa ukucha, akasikiliza.

"Baba Mwalimu, hivi havitupwi. Tutavisaga."

Udongo wa mfinyanzi hutakiwa uwe na kinamo, yaani ukiuviringisha kama kidole na kuukunja usikatike. Lakini kinamo kikizidi, chombo husinyaa mno kinapokauka kikapasuka. Kwa hiyo huchanganywa na mchanga, au vigae vilivyopondwa, kwani hivyo vimekwisha kuonja moto wala havisinyai tena. Ndivyo vigae vya mama vilivyorudi kazini.

Gurudumu halikuwapo. Kwa desturi ya Wakikuyu chungu huanzwa juu: mdomo na mabega hufinyangwa kwanza, huachwa vikauke kiasi, kisha hupinduliwa na kitako kikajengwa mwisho. Mimi niliyezoea nyumba kuanza kwa msingi nilibaki kuduwaa.

Maneno yalinistaajabisha zaidi. Chungu chao ni nyungu, neno ambalo sisi tumelibakishia mvuke wa kumfukiza mgonjwa. Kufinyanga kwao ni kuumba, na jina la Mumbi, mama wa kabila lao, latokana na kazi hiyo hiyo. Nikastaghafiru moyoni, kwani kwetu Muumba ni Mmoja. Kisha nikaikumbuka Suratur-Rahman, inavyomtaja mwanadamu kuwa ametokana na udongo mkavu kama vyungu, nikanyamaza.

Mjukuu wake alikuwa pembeni akifinyanga ng'ombe. Kufinyanga ni kuongeza, kuchonga ni kupunguza. Mchongaji wa mti au jiwe akikosea hana pa kurudishia. Wa udongo hupaka uji wa udongo akabandika upya. Hata sanamu za shaba, kama ile ya Dedan Kimathi, mwana wa Nyeri, iliyozinduliwa Nairobi mwaka 2007, kwa kawaida huanza kwa udongo, ukatolewa kalibu, ndipo shaba ikamiminwa. (Mimi sanamu zenye roho siziweki nyumbani, wala mjadala huo siufungui leo.)

Joko hakuwa nalo. Vyombo vilipangwa uwanjani, vikafunikwa kuni na nyasi. Udongo ukifika joto la nyuzi 600 hivi za sentigredi, maji yaliyofungamana nao hutoka, wala haurudi tena kuwa tope. Lakini chombo kibichi ndani hugeuza maji kuwa mvuke. Nami, kwa pupa, nilikuwa nimefinyanga kichetezo changu nikakiingiza siku tatu tu baadaye. Kilipasuka kwa mshindo, kuku wakatawanyika. Bibi alicheka mpaka akakaa chini.

Cha kwake, chenye vigae vya mama, kilitoka chekundu, na doa jeusi mahali moshi ulipokilamba.

Nilimuuliza nani atakayemrithi. Alimwonyesha mjukuu. Kijana akasema yeye ataka kuendesha matatu.

"Usikitie makaa kwa ghafula," bibi aliniusia nikiondoka. Nimefika nyumbani, nikatia majivu kwanza, kisha kaa moja, kisha ubani.