Kabla ya Kuifungua Giaboksi

Mwezi huu tumeonelea tuyaweke kando mambo ya pasipoti na ada za shule, tuzungumze habari ya geji. Wapo jamaa zetu wengi hapa Oman wanaojipatia riziki kwa pikapu za kukodisha, na yaliyomfika mmoja wao Septemba iliyopita yanastahili kuandikwa.

Pikapu yake ni otomatiki, na huvuta kwa magurudumu yote manne. Kwa kuwa hupakia saruji na vigae kuvipeleka Jabal Akhdar, alifungiwa geji ya ziada kando ya usukani, ya kupima joto la oili ya giaboksi. Aijuaye njia ile hahitaji kuelezwa sababu. Pale Birkat al Mawz polisi hawaliruhusu kupanda gari lisilovuta kwa magurudumu yote, na kutoka hapo barabara hukwea mpaka uwanda wa Sayq, ulio kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari.

Siku hiyo hata mlima hakuuanza. Mshale uliruka ghafla ukalala mwisho wa alama nyekundu. Akasimama, ukarudi; akaondoka, ukaruka tena. Aligeuza akarejea Muscat na mzigo wake, akaenda gereji, akaambiwa kwamba giaboksi imekwisha na nyingine ni riali 600. Fedha hizo alikuwa nazo, ila zilikuwa ada ya chuo ya binti yake.

Jioni ile tulikuwa barazani kwake, na miongoni mwetu alikuwepo kijana mmoja, fundi wa umeme wa magari. Hakuomba kuliona gari. Aliuliza tu:

“Ami, mshale ulipanda polepole au mara moja?”

“Kufumba na kufumbua, mwanangu.”

“Na kushuka?”

“Vivyo hivyo.”

“Basi usitoe hata baisa. Lala, tuonane alfajiri, na gari usiliwashe.”

Tulimtaka atueleze. Alisema oili ya giaboksi ni lita kadhaa, nayo haiwezi kuchemka kwa sekunde moja wala kupoa kwa sekunde moja. Joto la kweli hupanda taratibu, kama maji ya chai, na hushuka taratibu zaidi. Mshale unaoruka kama panzi hupeleka shaka kwenye umeme kabla ya kwenye oili.

Baada ya sala ya alfajiri tulikusanyika uani. Gari lilikuwa limelala usiku kucha, na kwa hiyo oili haikuweza kuwa na joto kupita hewa yenyewe. Kijana alifungua swichi bila ya kuwasha injini. Geji ya maji ilikuwa chini kabisa, lakini ya giaboksi ikapanda mpaka kwenye nyekundu. Oili ya baridi, geji ya moto: mmoja wao mwongo.

Sensa ya geji za namna hii hupunguza ukinzani wake kadiri joto linavyozidi. Waya wake ukigusa chuma cha bodi, geji huona kana kwamba ukinzani umetoweka, nayo husoma joto la mwisho. Waya ukikatika, husoma baridi, na huo ndio uongo wa hatari zaidi maana humtuliza dereva. Kijana aliingia chini ya gari akauchomoa waya kwenye sensa. Kama ubovu ulikuwa wa sensa, mshale ungeanguka. Haukuanguka. Akaufuata waya kwa vidole hadi mahali ulipopita karibu na bomba la moshi, akakuta ganda lake limeyeyuka na shaba inagusa fremu. Dawa ilikuwa kipande cha waya mpya, kilichopitishwa mbali na bomba.

Tunatahadharisha kwamba magari ambayo joto hilo husomwa na kompyuta yake hayataki kuchomolewa nyaya ovyo. Huko hutumiwa kifaa cha kusomea kompyuta. Tena msilinganishe geji zenu kabla ya kuuliza sensa imefungwa wapi, kwani oili itokayo kwenye konveta huwa na joto kubwa kuliko ile iliyotulia kwenye karai la chini.

Wala asije mtu akaidharau geji kwa kisa hiki. Jamaa yetu alifanya vyema kusimama. Kwenye karai, nyuzi 80 hadi 95 za Selsiasi ni kawaida. Mlimani na mzigo zaweza kufika 110 kwa muda. Zikipita 120 zikakaa, oili huharibika upesi. Mshale ukipanda taratibu, uaminini: egesheni, wekeni gia ya kuegeshea, iacheni injini iunguruma polepole dakika chache ili pampu iendelee kuipitisha oili kwenye kipozeo. Kisha tazameni vumbi lililoziba rejeta, na kiasi cha oili. Ikinuka kuungua, au ikiwa na rangi ya maziwa kwa kuingiliwa na maji ya rejeta, msiliendeshe gari.

Juma lililofuata alipanda Sayq na saruji yake, kijana kando yake, macho kwenye geji njia nzima. Mshale ulitambaa hadi 104 kwenye kona za juu, ukarudi 90 uwandani. Walishuka na makasha ya makomamanga, na moja liliachwa barazani.