Mlango wa Gari Unapotuma Habari

Tangawizi ya Mamba ni jasho la mkulima. Unalima, unapalilia, unavuna, unafunga magunia. Kisha unampa dereva, nawe unabaki mlimani. Gari likifika Same mjini, gunia moja halipo. Je, nani atajua mlango ulifunguliwa wapi?

Siku hizi gari lenyewe linaweza kusema. Hebu tuone linavyosema.

Linavyofanya kazi

Umewahi kupanda gari dogo usiku? Ukifungua mlango, taa ya ndani inawaka. Ukifunga, inazimika. Pale mlangoni pana swichi ndogo inayojua kama mlango uko wazi au umefungwa.

Sasa, swichi ya namna hiyo huunganishwa na kisanduku kidogo kinachofichwa ndani ya gari. Kisanduku kinatumia umeme wa betri. Kinapokea mawimbi ya setilaiti zilizoko juu angani, na hivyo kinajua gari liko wapi. Tena kina laini, kama ile ya simu yako. Mlango ukifunguliwa, kinatuma ujumbe kwa mwenye gari: mlango gani, mahali gani, saa ngapi.

Kazi hii si ngeni kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kufuatilia kwa pamoja makontena yatokayo bandari ya Mombasa. Kontena hufungwa kwa kufuli inayotuma habari. Likifunguliwa njiani, watu wa forodha wanajua. Na mabasi ya mikoani tunayoyaona yakipita hapa Same, mwendo wake hufuatiliwa na LATRA kwa vifaa vya jamii hiyo.

Soma saa vizuri

Hapa ndipo watu wanapokosea. Mashine haihesabu saa kama sisi. Tuseme ujumbe unasema: "Mlango wa nyuma umefunguliwa 08:10." Mtu akisoma haraka atasema, "Saa nane mchana! Wakati huo gari lilikuwa njiani. Dereva ni mwizi!"

Ngoja kwanza. Kwa saa za mchana toa 6. Nane toa sita ni mbili. Basi ni saa 2:10 asubuhi, wakati mlipokuwa mnapakia magunia wenyewe. Dereva hana kosa. Kuanzia 19:00 usiku, toa 18. Kwa hiyo 20:40 ni saa 2:40 usiku. Baada ya usiku wa manane, ongeza 6. Kwa hiyo 02:15 ni saa 8:15 usiku.

Jambo lingine: huku milimani kuna mahali simu haishiki. Visanduku vingi hutunza habari, halafu huituma mtandao ukipatikana. Basi soma saa iliyoandikwa ndani ya ujumbe, siyo saa simu yako ilipolia.

Mashine haioni kila kitu

Swichi inajua mlango tu. Haijui aliyefungua ni nani, wala ametoa nini. Na kama gari ni la turubai, mwizi akichana turubai swichi haitasema neno. Kwa hiyo msiache kazi yenu. Hesabuni magunia wakati wa kupakia. Andikeni idadi, tarehe na saa. Dereva atie sahihi. Gari likifika, hesabuni tena. Daftari na ujumbe vikisomwa pamoja, ukweli utaonekana.

Pia dereva aambiwe tangu mwanzo kwamba gari lina kisanduku. Safari zake ni habari zake pia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Habari hizo si za kutangazwa kilabuni.

Kumwita mtu mwizi ni jambo zito. Wewe umejifunza kusoma na kuhesabu. Tumia elimu hiyo kabla ya kunyoosha kidole.

Maswali ya kujadili

1. Ujumbe unasema 13:30. Ni saa ngapi kwetu?
2. Kwa nini daftari bado linahitajika?
3. Katika kiji­ji chenu, nani huhesabu mizigo gari linapoondoka?