Ndama si Ng'ombe Mdogo: Kweli na Uongo wa Bandani

Kihamba cha Kilimanjaro, shamba linalozunguka nyumba, hakina nafasi ya malisho. Ng'ombe wa maziwa hukaa bandani mwaka mzima, majani hufuatwa mbali, na mgomba ukishakatwa mkungu, shina lake huishia horini. Kwa ufugaji huu ndama hajitafutii chochote. Anakula na kulalia alichoamuliwa. Na wanaoamua huongozwa na kauli walizozikuta, nyingine za kweli, nyingi za uongo.

"Dang'a ni maziwa machafu, yamwagwe." Si kweli, na huu ndio uongo unaoua zaidi. Ng'ombe hampi mwanawe kinga kupitia kondo la nyuma, kwa hiyo ndama huzaliwa bila silaha yoyote. Silaha yake imo kwenye yale maziwa mazito ya manjano. Utumbo wake hupokea kingamwili zikiwa nzima kwa muda mfupi tu: saa sita za kwanza hupokea vizuri, kisha mlango huanza kujifunga, na baada ya saa 24 umefungwa. Ndama wa kilo 35 anahitaji kama lita 3 na nusu ndani ya saa 12. Mpe lita 2 mara tu anaposimama. Usisubiri zamu ya kukamua ya jioni. Asipoweza kunyonya, kamua umnyweshe kwa chupa.

"Maziwa ni maji tosha." Si kweli. Ndama ana matumbo manne, lakini anazaliwa akitumia moja, la nne. Anaponyonya, mfereji hujikunja na kuyapeleka maziwa huko moja kwa moja. Maji anayokunywa mwenyewe kwenye ndoo huingia tumbo kubwa la kwanza, na humo ndimo vijidudu vya kusaga chakula huanzisha maisha. Bila maji tumbo hilo hudumaa, na ndama hugusa pumba kidogo tu. Weka ndoo ya maji safi tangu siku ya nne, ibadilishwe kila siku.

Linalofuata ni kosa la watu makini kabisa. Wanaona tumbo la ndama limening'inia na kujisifu kwamba amekomaa. "Majani mengi mapema hukuza tumbo," wanasema. Yanalitanua, ndiyo, lakini kutanuka si kukomaa. Kinachokomaza kuta za tumbo ni asidi zitokanazo na nafaka inayochachuka humo. Majani magumu ya Guatemala hukaa tu na kuchukua nafasi. Kitambi pamoja na mbavu zinazohesabika na manyoya yaliyosimama ni njaa. Kuanzia wiki ya pili mpe mchanganyiko wa pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na madini, wenye protini kama asilimia 18, kiganja kimoja kwanza. Majani yawe laini, makavu, kidogo. Mashudu ya pamba waachie wakubwa, maana yana sumu ambayo tumbo la ndama haliwezi kuivunja. Urea hivyohivyo.

Kuachisha maziwa kwa kuhesabu miezi? Nusu kweli. Kalenda haijui alichokula. Akimaliza kilo 1 ya mchanganyiko kwa siku, siku tatu mfululizo, anza kumpunguzia.

"Akiharisha, mnyime maziwa." Si kweli. Ndama anayeharisha huuawa na kukaukiwa maji, na ukimnyima maziwa unamwongezea njaa. Endelea na maziwa yake, na katikati ya milo mpe maji yenye dawa ya kurudisha maji na chumvi mwilini, inayouzwa maduka ya dawa za mifugo. Ukiona damu au homa, mwite bwana mifugo siku hiyohiyo.

"Kichomi huletwa na baridi, ziba kila tundu." Si kweli, ingawa ukienda Machame mwezi wa saba utaelewa kwa nini watu wanaamini hivyo. Ndama mkavu mwenye nyasi nene za kulalia hustahimili baridi kuliko tunavyodhani. Kinachochoma mapafu ni hewa ya mkojo iliyofungiwa ndani. Chuchumaa bandani pua yako ilingane na yake. Macho yakikuwasha, yeye anaishi humo usiku na mchana. Ziba upepo chini anapolala, acha wazi juu chini ya paa. Sakafu ya mbao iinuliwe kutoka ardhini, nafasi kati ya mbao zisizidi sentimita 2.5, ukwato usinase.

"Ndama mchanga akae peke yake." Kweli, hasa pale wakubwa na wadogo wangechanganywa, kwa sababu mkubwa humwambukiza mdogo, na wachanga hunyonyana vitovu.

"Jike aliyezaliwa pacha na dume hazai." Kweli, kwa zaidi ya tisa kati ya kumi. Mjue mapema kabla hujammalizia maziwa.

La mwisho: "Mtamba hupandishwa akitimiza miezi 15." Si kweli. Uzito ndio unaoamua, na kwa Friesian ni kama kilo 280. Aliyelishwa vizuri hufika hapo kwa miezi 15. Aliyedumaa huchukua miaka miwili, hata mitatu. Nunua tepe ya kupimia kifua, mpime tangu anapozaliwa, kisha kila mwezi, na uandike.