Visiwa Vitatu, Wiki Tatu, Watu Wawili

Safari ndefu ya wawili inaweza kulinogesha penzi au kulitia doa, na mara nyingi ugomvi huanzia kwenye ratiba na mfuko. Mimi na mume wangu, wote waajiriwa wa Dar es Salaam, tulikuwa hatujapumzika pamoja tangu harusi. Tulipopata wiki tatu za Januari, tukachagua Unguja, Pemba na Mafia. Januari kaskazi inavuma, masika bado, na Mafia papa potwe wapo.

Tatizo likawa moja: mwenzangu alitaka kuzamia kila siku, mimi nilitaka kulala! Tuliyamaliza mezani, kalamu mkononi. Siku 6 Unguja, tukianzia Mji Mkongwe. Siku 7 Pemba: yeye matumbawe ya Misali, mimi kivuli cha msitu wa Ngezi. Mafia siku 5.

Zilizobaki 3 tukaziacha wazi kwa makusudi. Ukitoka Zanzibar kwenda Mafia kwa boti, inabidi urudi Dar, ushike barabara hadi Nyamisati, ndipo uvuke kwenda Kilindoni. Bahari ikichafuka, lazima usubiri.

Pesa nazo tulizigawa: bahasha moja kwa kila kisiwa, na ya nne ya dharura, haiguswi mpaka wote tukubali.

Kwa hiyo shosti, na wewe kaka, kabla ya kukata tiketi mwulize mwenzio anataka nini huko visiwani. Mkitofautiana, msinuniane. Gawaneni siku.