Je, Wajua? Jino Huhama na Nyumba Yake

Mwenye nyaya za meno akipanda Hiace ya Muleba kwenda Bukoba hakosi mtaalamu wa kumfundisha. Atatazamwa mdomo tangu stendi, na gari halijafika Muhutwe ameshaambiwa kwamba nyaya zinavuta jino kama msumari unavyong'olewa kwenye ubao, kwamba uzeeni yatalegea yote, na kwamba hizo ni fasheni za watoto wa mjini. Mpwa wangu ameyasikia hayo mpaka yamemwisha ladha. Yeye hucheka. Anayeudhika ni mimi.

Jino halikupigiliwa kwenye taya. Kati ya mzizi wake na mfupa kuna nyuzi laini za kano, tabaka lenye unene wa sehemu mbili za kumi za milimita hivi, na jino limening'inia humo kama mgonjwa kwenye machela. Waya ukilisukuma, nyuzi za upande mmoja hubanwa na za upande wa pili hutanuliwa. Palipobanwa huja seli zinazokula mfupa. Palipotanuka huja seli zinazoujenga. Mbele wanabomoa, nyuma wanajenga, na jino linakwenda pamoja na tundu lake. Mwendo wake ni kama milimita moja kwa mwezi, mambo yakienda vizuri.

Hapo ndipo penye ajabu yenyewe. Ukiongeza nguvu, jino halikimbii, linagoma. Nyuzi zikibanwa kupita kiasi damu haipiti, na pasipo damu wale wala mfupa hawafiki. Inabidi waje kwa nyuma, wauchimbe mfupa kutokea ndani kama mchwa kwenye nguzo, na muda huo wote jino limesimama tuli, pengine wiki mbili, pengine tatu au zaidi. Mzizi nao unaweza kulika ukafupika. Kwa hiyo daktari anayejua kazi yake hulisukuma jino taratibu, mara nyingi kwa nguvu isiyozidi uzito wa yai la kuku wa kienyeji. Anayekwambia "kaza sana daktari, tumalize haraka" anaomba kucheleweshwa.

Siku ya kuwekewa haiumi. Jino linapakwa asidi kidogo, linasuuzwa, linakaushwa, kishikizo cha chuma kinagandishwa kwa gundi na kumulikwa kwa taa ya buluu, kisha waya unapitishwa kwenye mfereji wa kila kishikizo na kufungwa kwa viraba. Unaondoka ukijiona shujaa. Jioni ndipo meno yanaanza kuwa si yako, na kesho yake hata ndizi iliyoiva unaimeza kwa kuihurumia. Wiki ikiisha, maumivu nayo mara nyingi yameisha. Mpwa wangu aliishi siku tatu kwa uji na matoke yaliyopondwa, na akagundua mwenyewe kwamba maji baridi yanampa nafuu.

Nafuu hiyo si ya kufikirika tu. Waya wa mwanzo kwa kawaida ni nitinoli, nikeli na titani karibu nusu kwa nusu. Metali hiyo ilitoka kwenye maabara ya silaha ya jeshi la majini la Marekani, mikononi mwa William Buehler, miaka ya mwisho ya 1950 na mwanzo wa 1960. Miaka ya 1970 George Andreasen wa Chuo Kikuu cha Iowa akaiingiza kinywani. Aina zinazoitika joto hulainika zikipoa. Zikipata joto la mdomo hukumbuka umbo lake la upinde na kuanza tena kusukuma. (Chuma na moto si wageni kwetu. Pale Katuruka, jirani na Maruku, wahenga waliyeyusha chuma kwenye matanuru yapata miaka 2,000 iliyopita, na mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliutangazia ulimwengu ufundi huo. Ni watoto wangapi wa shule za Bukoba waliopelekwa kupaona?)

Adui wa nyaya hizi Kagera ni ukarimu. Unafika ugenini, unaletewa akamwani, kahawa ya kutafuna, na kuikataa ni utovu wa adabu. Punje moja kavu inatosha kubandua kishikizo. Muwa ni mbaya zaidi. Tulikuwa Kamachumu, mpwa wangu akauma pingili moja, akanyamaza, kisha akanyoosha kiganja: "Mjomba, kimetoka." Kishikizo kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele. Senene hawavunji kitu, ila vijimiguu vilivyosahaulika kwenye kunyonyolewa hujificha nyuma ya waya hadi asubuhi. Mswaki lazima upite juu na chini ya kila kishikizo. Asiyejali, nyaya zikitolewa hukuta jino lina mraba wenye madoa meupe kuuzunguka. Waya ukichoma shavu, weka nta na sukutua kwa maji ya chumvi.

Wakaguzi wa Hiace wangefanya kazi ya maana kama wangepigia kelele "meno ya plastiki." Mtoto mchanga anaharisha, anapelekwa kwa mganga, ufizi unachimbwa na vichipukizi vya chonge vinatolewa eti ndivyo vinavyoleta ugonjwa. Ng'ambo ya mpaka, magharibi mwa Uganda, wanaviita ebiino. Chonge ya kudumu iko jirani kabisa na pale panapochimbwa. Ikiumizwa huota na kasoro, au haioti, na majirani zake hujipangia wanavyotaka. Wakati huo mtoto alihitaji ORS na zinki.

Kabla hujaanza, uliza jambo moja: nani atakuwepo kuzikaza? Kazi ni mwaka mmoja na nusu hadi miwili, mara nyingine mitatu, na ukaguzi ni kila wiki nne hadi nane. Mabingwa wa kupanga meno wamerundikana Dar es Salaam. Anayetoka kisiwa cha Bumbire huanza na mtumbwi, ndipo atafute gari. Nyaya zilizotelekezwa mdomoni ni hasara kuliko meno yaliyopandana.



Nyaya zikitoka, kazi haijaisha. Nyuzi za ufizi hukumbuka jino lilikotoka na hulivuta kurudi, ndiyo maana hufuata kifaa cha kulishikilia, usiku kwa miaka, au kijiwaya kinachogandishwa nyuma ya meno. Mwanya wa mbele ni mbishi sana kwa kurudi. Daktari alimuuliza mpwa wangu kama auzibe. Akakataa, ni wa bibi yake huo. Meno ya chini yamenyooka, mwanya uko palepale, na nyaya zinatolewa Desemba, senene wakiwa bado wanaruka.