Gharama ya Rufaa Huanzia kwa Afisa Utumishi

Tangu 1944, Rais Franklin Roosevelt alipotia saini sheria ya kipaumbele kwa wanajeshi wa zamani, serikali kuu ya Marekani inawajibika kuwafikiria kwanza inapoajiri. Panapotolewa alama, kwa kawaida mwombaji huongezewa 5, au 10 akiwa na ulemavu uliotokana na utumishi. Akinyimwa haki hiyo, sheria ya 1998 inamruhusu kudai bila kulipa ada. Anayelipa ni mlipa kodi.

Malalamiko hupelekwa kwanza Wizara ya Kazi, ndani ya siku 60. Suluhu ikishindikana, mlalamikaji ana siku 15 za kukata rufaa kwenye bodi inayosikiliza rufaa za watumishi wa serikali kuu, MSPB. Asiporidhika hapo, milango ya mahakama iko wazi.

Wengi hudhani fedha huishia kwenye vikao. Sivyo. Pasipo na ubishi juu ya ukweli wa mambo, hakimu wa bodi anaweza kuamua kwa kusoma jalada tu. Mzigo mzito huja baadaye. Mwombaji akishinda, mara nyingi hapewi kazi papo hapo. Idara huamriwa kurudia uteuzi kama ulivyopaswa kufanyika. Kurudia uteuzi wa miaka iliyopita ni kazi ngumu: nafasi ina mtu, kumbukumbu za usaili zimepotea, na waliosaili wamehama. Ikibainika kwamba angeajiriwa, hulipwa mishahara aliyokosa, na kama idara ilivunja sheria kwa makusudi, huongezwa kiasi kingine sawa na hicho. Mawakili nao wanadai chao.

Na deni hilo hukua kadiri shauri linavyolala. Kuanzia Januari 2017 hadi Machi 2022 bodi haikuwa na akidi. Mahakimu wa ngazi ya chini waliendelea kuamua, lakini mashauri takriban 3,800 ya aina zote yalilundikana juu yakisubiri wajumbe ambao hawakuwapo. Hilo nalihesabu kuwa dhuluma kwa pande zote mbili.

Kwa hiyo kumtoza mwanajeshi ada hakuwezi kuokoa kitu cha maana. Fedha ziende kwa afisa utumishi, ili aandike sababu za kumwacha mwombaji siku ileile, amweleze, na atunze jalada. Tatizo ni kwamba idara iliyokosea, hata ikilipa mishahara na mawakili, haibebi gharama za kusikiliza shauri. Mpelelezi wa malalamiko hulipwa na bajeti ya Wizara ya Kazi, hakimu na bajeti ya bodi. Jimbo la Minnesota limekwenda njia nyingine katika mashauri ya kuachisha kazi: mwajiri wa umma anayetaka kumwondoa mwanajeshi wa zamani hubeba gharama za kikao, na huendelea kumlipa mshahara hadi uamuzi utoke. Mwajiri wa namna hiyo hulikagua jalada lake kabla hajaandika barua.